Fomu ya Mbegu Namba Arobaini na Saba

Wameniletea fomu kutoka Tashkenti, kurasa tatu,
niijaze kwa wino mweusi, herufi zisipandane.
Jina la aina. Nimeacha wazi.
Urefu wa bua: sentimita themanini na nane.
Hapo sikuhitaji daftari lako, Matyakub.
Kila Mei nilisimama nayo, ikinifika kwenye mkanda wa aproni,
na mwaka ule wa upepo wa mchanga
jirani zake wote walilala kifudifudi kama walevi wa arusi;
yenyewe ikainama kidogo, kama anayempisha mtu mlangoni,
ikasimama tena.

Uvumilivu wa baridi: alama, moja hadi tisa.
Hawakuiona Januari ile isiyo na theluji,
ardhi uchi, digrii ishirini na sita chini ya sifuri,
mfereji wa Shavat umegeuka barabara ya mbwa.
Ulikata bonge la udongo kwa shoka,
ukalibeba ndani ya koti kama kifaranga,
tukaliweka kando ya jiko, tukangoja.
Miche mingine ilinuka nyasi zilizochemshwa.
Arobaini na saba ikatoa mzizi mmoja mweupe,
mwembamba kuliko uzi wa kushonea shela,
nawe, mtu wa maneno ya kuhesabika, ukasema: "Haya."

Watu wa mjini hudhani baridi ni adui yake.
Ipande Aprili, jua likiwa limeshakolea,
itakupa majani, majani, majani,
suke hata moja hulioni.
Sharti kwanza ilale kwenye barafu ndipo ikumbuke kuzaa.
Fomu haina nafasi ya jambo hilo.

Mahitaji ya maji: mara nne.
Mara nne, ndiyo, zamu zikifika.
Mwaka ule mgawa maji, Khudaybergan,
alitupa saa mbili tu, kuanzia saa nane ya usiku.
Ulizunguka na koleo na taa,
ukifungua mtaro huu, ukiziba ule kwa matope,
maji yakaja na rangi ya chai ya maziwa
yakakomea nusu ya shamba.
Nusu iliyokauka hukuing'oa. Uliivuna peke yake, ukaipima:
kwintali thelathini na mbili kwa hekta.
Iliyokunywa ilitoa sitini na nane.
Ofisi inataka sitini na nane.
Nimeandika zote mbili, ile ndogo kwanza.

Chumvi: huvumilia kiasi cha wastani.
Wastani ni neno la mezani.
Sisi kila Februari tunauosha udongo kama sufuria,
na kufika Mei chumvi imerudi, kama mdai,
imechora mstari mweupe kwenye buti zangu.

Kasoro. Hapa kalamu iligoma.
Kutu ya manjano, Matyakub. Unajua.
Ile Aprili ya mvua nilirudi nyumbani
sketi imejaa vumbi la rangi ya manjano bizari,
nikaikung'uta mbali na uga ili usiione,
nawe ulikuwa umeshaiona.
Nimeandika: tano. Usinikasirikie.

Gluteni: asilimia ishirini na tisa.
Mama yako hakuwahi kulisikia neno hilo.
Yeye huubandika mkate kwenye ukuta wa tanuri
kisha huenda kukamua mbuzi,
na unga wa arobaini na saba haujawahi kumwangukia majivuni.

Siku za kukomaa: mia mbili arobaini na nane.
Wewe uliishia mia mbili thelathini na tano.
Masuke yalikuwa bado na kijani shingoni.
Nilivuna na binti yako, Oygul akishika kamba,
mimi nikihesabu punje elfu moja kwa kisu juu ya kitambaa cheusi:
gramu arobaini na mbili. Nikahesabu upya.

Dereva wa kituo anapiga honi.
Mstari wa kwanza bado hauna kitu.
Nimempelekea mkate, ajishikize nao akingoja.
Anaula mkavu, amesimama, kwa mikono yote miwili,
wala hajauliza ni ngano gani.